UZI: Kompyuta itakukunjia RNA yoyote utakayoipa, swali ni utajuaje kama mkunjo huo upo kweli (mfano: Zika)

besi_nne (mleta uzi)

Wakuu habari za jioni. Kuna kitu nakiona sana kwenye magrupu ya watu wa bayolojia na kompyuta, mtu anachukua mfuatano wa RNA anaubandika kwenye seva ya RNAfold (programu ya kukisia mkunjo wa RNA), sekunde chache anapata mchoro wenye rangi nzuri, anauweka kwenye tasnifu na chini yake anaandika "muundo wa RNA hii ni huu". Inanisumbua kwa kweli, ndo maana nimeamua kuandika kirefu. Mwenye haraka aweke alama asome baadae.

Tuwe sawa kwanza kwenye msingi. RNA ni mnyororo wa herufi nne, A, C, G na U. DNA inakaa nyuzi mbili lakini RNA kwa kawaida ni uzi mmoja, kwahiyo inajirudia na kujishika yenyewe, G inashika C, A inashika U, na G inaweza pia kushika U ila kwa ulegevu. Zikishikana mfululizo tunapata shina, zisiposhikana tunapata kitanzi. Na mara nyingi huo mkunjo ndo unaofanya kazi, sio herufi zenyewe, ribosomu inayotengeneza protini zote mwilini mwako kiini chake ni RNA iliyojikunja.

Mfano mdogo nimeutunga mwenyewe, herufi 10 tu:

GGCGAAAGCC
(((....)))

Mabano ni herufi zilizoshikana na nukta ni zilizo huru. G ya 1 imeshika C ya 10, G ya 2 na C ya 9, C ya 3 na G ya 8, katikati imebaki GAAA kama kitanzi. Hicho kitanzi nimekichagua makusudi, ni wa ile familia wanaiita GNRA, yaani G, kisha herufi yoyote, kisha A au G, kisha A. Vimejaa kwenye RNA ya ribosomu, vinatuliza shina na mara nyingi vinaenda kujishikiza sehemu nyingine ya molekuli ileile.

Herufi 10 unamaliza kwa macho. Herufi 100 je? Zuker na Sankoff mwaka 1984 walikadiria kwamba idadi ya mikunjo inayowezekana inakua kama 1.8 iliyopandishwa kwa kipeo cha urefu, piga hesabu kwa herufi 100 unapata namba yenye tarakimu 26. Hakuna mashine ya kupitia yote moja moja.

Ruth Nussinov na wenzake ndo walifungua njia mwaka 1978. Ujanja wao ni huu, chukua kipande kuanzia herufi i mpaka j, jibu bora la kipande hicho ni moja kati ya mawili tu, aidha herufi ya mwisho j iko huru, au imeshika herufi fulani k humo ndani, na ikishika k basi kipande kinagawanyika pande mbili ndogo ambazo majibu yake ulishayapata kabla. Kwahiyo unajaza jedwali kuanzia vipande vifupi kwenda virefu, kila jibu unalitafuta mara moja tu, alafu ukifika mwisho unarudi nyuma kwenye jedwali kusoma mkunjo wenyewe. Muda unakua kwa kipeo cha tatu cha urefu. Ukiongeza urefu mara mbili kazi inaongezeka mara 8. Anayejua Python akae chini aiandike mwenyewe, ni mistari michache na utaielewa kuliko kusoma vitabu vitano.

Nussinov alikuwa anahesabu jozi tu, nyingi ndo bora. Asili haihesabu hivyo, kwahiyo mwaka 1981 Zuker na Stiegler wakaweka nishati badala ya idadi. Jozi ya G-C ikifuatiwa na C-G inashusha nishati kama 3.4 kcal kwa moli, jozi mbili za A-U zikifuatana, upande mmoja AA upande wa pili UU, inashuka kama 0.9 tu, na vitanzi vinapandisha. Hizo namba hazikuota, zilipimwa maabara kwa kuyeyusha vipande vifupi vya RNA, Tinoco na wenzake walianza mwanzoni mwa miaka ya 70 na kundi la Turner pale Rochester likafanya kazi kubwa sana kwa miaka mingi. Mwaka 1990 McCaskill akaongeza kitu ambacho mimi naona ndo cha maana kuliko vyote upande huu, badala ya kukupa mkunjo mmoja tu wa nishati ya chini, anakupa uwezekano wa kila jozi ukizingatia mikunjo yote kwa pamoja. Kifurushi cha ViennaRNA kilichotoka 1994 kimebeba haya yote na ni bure.

Sasa ndo nafika kwenye hoja yangu. Programu hizi hazina jibu la "hapa hakuna muundo wa maana". Chukua RNA yako, changanya herufi zake ovyo, zirudishe RNAfold, utapata mchoro mwingine mzuri vilevile na nishati inayokaribiana. Rivas na Eddy walionyesha mwaka 2000 kwamba uthabiti wa mkunjo peke yake kwa kawaida hautoshi kutenganisha RNA zenye kazi na mfuatano wa kubahatisha. Na hata pale ambapo muundo upo kweli, Mathews na wenzake mwaka 1999 walipata wastani wa 73% ya jozi zinazojulikana, kwa mifuatano iliyo chini ya herufi 700. Maana yake kwenye mchoro wako kuna jozi nyingi zisizokuwepo na we hujui ni zipi.

Nawakaribisha, wenye maswali waulize.

Mtoto_wa_Pangani

Mkuu umetisha, nimesoma mara mbili. Ila umetuacha njiani, tasnifu yangu ina RNAfold karibu sura nzima, kwahiyo nitupe au?

besi_nne

Hapana mkuu usitupe. Endesha upya ukiweka -p upate uwezekano wa kila jozi, mashina yenye uwezekano mkubwa yachukulie kama dhana ya kwenda kupima. Alafu nenda hatua inayofuata ambayo ni kutafuta ushahidi, na ushahidi mzuri kuliko wote upo bure kwenye hifadhi za jeni, ni mifuatano ndugu.

Rudi kwenye mfano wangu wa herufi 10. Tuseme kwa viumbe vingine viwili RNA hiyohiyo inaonekana hivi:

GGCGAAAGCC
GGAGAAAUCC
GUCGAAAGAC
(((....)))

Angalia mstari wa pili, herufi ya 3 imetoka C ikawa A, na ya 8 imetoka G ikawa U. Zote mbili zimebadilika kwa pamoja na jozi imebaki jozi. Mstari wa tatu hivyohivyo, safari hii ni ya 2 na ya 9. Kama shina hilo lisingekuwa na kazi, badiliko moja likitokea upande mmoja hakuna sababu ya upande wa pili kufuata. Mabadiliko ya pamoja yanatuambia kwamba kwa mamilioni ya miaka kila aliyevunja jozi hiyo alipata shida mpaka ilipotengenezeka tena. Hakuna nishati uliyokadiria hapo.

Na hii sio nadharia tu. Robert Holley alipochapisha mfuatano wa kwanza wa tRNA (RNA ndogo inayobeba vijenzi vya protini kwenda kwenye ribosomu) mwaka 1965, ya chachu, herufi 77, kulikuwa na zaidi ya mkunjo mmoja unaowezekana. Zilipoanza kutoka tRNA nyingine, mkunjo uliowakubali wote ulikuwa ule wa jani la klova. RNA za ribosomu ni hadithi nzuri zaidi, Woese, Noller, Gutell na wenzao walikaa miaka zaidi ya 20 wanalinganisha mifuatano kutoka viumbe tofauti na kuchora jozi, hawana picha yoyote ya molekuli yenyewe. Mwaka 2000 picha za ribosomu kwa miale ya X zikatoka, watu wakalinganisha, karibu 97% ya jozi walizotabiri zilikuwepo. Kwa kulinganisha herufi tu! Mi nikikumbuka hii huwa najisikia vizuri siku nzima.

Tahadhari moja ya muhimu. Mifuatano ndugu ina babu mmoja, kwahiyo nguzo mbili (herufi za nafasi moja ukiipanga mifuatano mstari juu ya mstari) zinaweza kuonekana zinabadilika pamoja kwasababu tu badiliko lilitokea mara moja kwa babu na ukoo mzima ukarithi. Lazima utenganishe hilo. Programu ya R-scape ya Elena Rivas na wenzake ilitoka 2017, inatengeneza mipangilio (mifuatano iliyopangwa mstari juu ya mstari) ya kubuni inayofuata mti uleule wa ukoo lakini bila muundo, alafu inauliza kama jozi zako zinazidi hapo. Walipoipitisha kwenye HOTAIR, RNA ndefu ya binadamu ambayo watu walishachora muundo wake, hawakukuta ushahidi wa mabadiliko ya pamoja. Tulieni hapa, hiyo haimaanishi HOTAIR haina kazi, inamaanisha mchoro ule haujathibitishwa na mageuzi.

Nakasero_Boy

Habari zenu kutoka Kampala. Umetaja Zika kwenye kichwa cha uzi na mimi ndo kilichonileta, huyu virusi aligunduliwa huku kwetu, msitu wa Zika njia ya Entebbe mwaka 1947. Naona bado hujamgusa.

besi_nne

Karibu sana ndugu yangu, nilikuwa nakuja huko. Zika nimemchagua kwasababu anaonyesha nguvu na udhaifu wa kila njia.

Zika, dengue, homa ya manjano na West Nile (huyu naye ni wa Uganda, 1937) wote ni ukoo mmoja, jenomu yao ni uzi mmoja wa RNA wenye herufi kama 11,000. Ndani ya seli zetu kuna kimeng'enya kinaitwa Xrn1, kazi yake ni kula RNA kuanzia kichwani kwenda mkiani, kinasafisha. Kinaanza kula RNA ya virusi, kinakula karibu yote, alafu kinafika karibu na mkia kinakwama. Kinachobaki ni kipande cha herufi mia kadhaa, Pijlman na wenzake walikielezea 2008, na kipande hicho kinarundikana kwenye seli na kumsaidia virusi dhidi ya kinga ya mwili.

Kimekwamishwa na nini? Hakuna protini hapo, ni RNA yenyewe tu. Kundi la Jeffrey Kieft lilipata picha yake, kwanza kwa virusi ndugu wa Murray Valley mwaka 2014 kisha Zika wenyewe 2016. RNA inajizungusha ikawa pete, na uzi wa upande wa kichwani unapita katikati ya pete hiyo. Xrn1 akija kutoka kichwani anagonga pete, hawezi kuvuta. Lakini kimeng'enya cha virusi kinachonakili jenomu kinakuja kutoka mkiani, kinaifumua pete kutoka upande wa pili na kupita zake. Kizuizi cha upande mmoja tu, kimetengenezwa na herufi kama 70 hivi. Inanishangaza mpaka leo.

Sasa weka herufi hizo kwenye RNAfold. Utapata baadhi ya mashina vizuri tu, ila pete huioni. Sababu ni kwamba pete inafungwa na jozi ambazo herufi za kitanzi zinatoka nje ya shina lao na kwenda kushika herufi zilizoko mbele zaidi, ukichora mabano yanavukana, na hiyo ndo inaitwa sudonoti. Ule ujanja wa Nussinov unategemea kipande kigawanyike pande mbili zisizogusana, mabano yakivukana ujanja umekufa. Mwaka 2000 ilithibitishwa kwamba kutafuta mkunjo wa nishati ya chini ukiruhusu sudonoti za kila aina ni tatizo gumu la aina ya NP-hard, yaani hakuna njia ya haraka inayojulikana. Rivas na Eddy walikuwa na algoriti 1999 inayoruhusu kundi kubwa la sudonoti ila muda wake unakua kwa kipeo cha sita, urefu mara mbili kazi mara 64. Kwa herufi 11,000 sahau.

Ukilinganisha ndugu lakini, mabano yakivukana haikuhusu, nguzo mbili zikibadilika pamoja zimebadilika pamoja. Na ukishajua umbo lake unaweza kulitafuta kwingine. Hapo ndo wanaingia Eddy na Durbin na wenzao toka 1994, wakatengeneza modeli za takwimu zinazokumbuka herufi na jozi kwa wakati mmoja, leo tunaziendesha kwa programu ya Infernal na modeli zilizopangwa kifamilia zipo kwenye hifadhi ya Rfam, zaidi ya familia 4,000. Sudonoti modeli hizo nazo haziibebi, inabidi ukague mwenyewe baada ya kupata wagombea. Vizuizi vya namna hii vimeshapatikana mpaka kwenye virusi vya mimea.

GPU_na_Chai

Kiongozi naheshimu elimu yako ila naona hii ni kazi ya zamani kidogo. AlphaFold 3, ile modeli ya AI ya kukunja protini, imetoka 2024 inakunja na RNA pia. Kwanini mtu ahangaike na mipangilio ya ndugu wakati modeli imeshajifunza yote?

besi_nne

Swali zuri na sitalikwepa. Kwenye protini ilifanya maajabu kwasababu kulikuwa na miundo mingi sana iliyopimwa ya kujifunzia. RNA zilizopimwa kwa muundo kamili ni chache mno ukilinganisha, na nyingi ni za familia zilezile, tRNA, ribosomu, riboswichi. Kwenye CASP15, shindano la kutabiri miundo ya molekuli, mwaka 2022, mara ya kwanza RNA kuwekwa kama kundi lake, timu zilizoongoza zilikuwa za wataalamu wanaotumia mbinu za kawaida pamoja na uzoefu wao, na za kujifunza kwa kina zikabaki nyuma.

Jambo la pili, kuwa makini mtu akikuonyesha usahihi wa 90 na kitu. Muulize data ya majaribio imetenganishwa vipi. Kama tRNA zipo kwenye mafunzo na tRNA nyingine zipo kwenye mtihani, modeli imekariri familia. Ukiitoa familia nzima isiione kabisa, wengi wanaporomoka. Nalisema hili nikiwa napenda modeli hizi, nazitumia, ila nazipa nafasi ileile niliyoipa RNAfold, zinaleta dhana. Na kumbuka AlphaFold yenyewe kwa protini inalishwa mpangilio wa ndugu, mabadiliko ya pamoja yapo ndani ya injini.

dada_wa_pipeti

Niongezee upande wa maabara maana mmetusahau. Kuna SHAPE, kemikali inashika herufi za RNA zilizolegea na kuziacha zilizoshikana, alafu unasoma wapi imeshika. Kundi la Weeks lilifanya jenomu ya HIV-1 karibu yote, herufi zaidi ya 9,000, ikatoka 2009. Namba hizo unaweza kuziingiza kwenye RNAfold zikaongoza mkunjo. Ila zinakwambia herufi imeshikwa, hazikwambii imeshikwa na nani.

besi_nne

Asante dada, hiyo sentensi yako ya mwisho wengi hawaijui. SHAPE na ndugu vinakamilishana kabisa. Na wakati tuko hapo, RNAfold inachukulia nyuzi joto 37 kama hujaiambia kitu. Wanaofanya virusi vya mbu au vya mimea waweke -T 28 au joto linalofaa, mbu hana joto la mwili wa mtu.

Shamba_Mpya

Shikamoo mkuu, niko Kilifi, nasoma shahada ya uzamili, virusi vya michirizi ya kahawia ya mihogo. Hii nayo ni RNA. Naeza tumia hizi mbinu na laptopu ya kawaida, bila seva kubwa? Na nianzie wapi?

besi_nne

Marahaba. Unaweza kabisa, na nakuombea ufanye maana ugonjwa huo ulielezwa mara ya kwanza Amani pale Usambara miaka ya 30 na bado unaharibu mihogo ya watu pwani yote.

Jenomu ni herufi kama 9,000. Usiikunje nzima kwa mkupuo, laptopu inaweza kuhimili ukiipa RAM ya kutosha lakini matokeo ya jozi za mbali mbali hayaaminiki, tumia RNALfold inayotafuta mikunjo ya karibu kwa dirisha, au LinearFold ya 2019 ambayo muda wake unakua sawa na urefu tu. Ila hiyo iwe baadae.

Anza na ndugu. Kuna spishi mbili, CBSV na ile ya Uganda UCBSV, zinafanana karibu 70% kwa herufi, hiyo ni tofauti nzuri sana kwa kazi yetu, imetosha kuonyesha mabadiliko lakini bado zinapangika. Shusha jenomu kamili zote kutoka GenBank, Tanzania, Kenya, Uganda, Malawi, popote. Mifuatano inayofanana 99% ondoa, haikuongezei ushahidi wowote, inakufanya uone mpangilio una mistari 200 wakati kihalisia una kumi. Panga kwa programu ya MAFFT. Kwenye sehemu zinazotengeneza protini uwe mwangalifu, herufi ya tatu ya kila kodoni (kundi la herufi tatu linalosomwa kutengeneza protini) inabadilika sana kwa sababu zake, kwahiyo anza na vipande vya mwanzo na mwisho wa jenomu visivyotengeneza protini, japo ni vifupi. Kisha RNAalifold kwenye mpangilio huo upate mkunjo wa pamoja, kisha R-scape. R-scape itakwambia pia kama data yako ina uwezo wa kugundua, yaani kama nguzo zimebadilika vya kutosha. Ikisema hakuna jozi na uwezo ni mdogo, hujajibiwa bado, tafuta ndugu wa mbali zaidi kwenye ukoo wa Potyviridae. Ikisema hakuna na uwezo ni mkubwa, basi mkunjo ule uondoe kwenye tasnifu.

Ukishapata mpangilio wa kwanza uweke hapa tuuangalie pamoja, hasa ncha ya mkiani, mpangilio ukiyumba pale kila kitu kinachofuata kinayumba. Na niambie una RAM kiasi gani nikuandikie amri zenyewe.